Jicho Kwenye Kitundu

Hivi wewe, ukitaka kumtazama mtu sawasawa, huwa unafumba jicho gani? Usinijibu upesi. Nyoosha kidole, kielekeze kwenye kona ya mlango, halafu ujiangalie mwenyewe. Wengi hufumba la kushoto. Bi Chungulia naye alifumba la kushoto, na kwa kuwa alilifumba kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na mmoja, upande huo wa uso wake ulikuwa na mikunjo mingi kuliko wa pili, kama shuka lililopigwa pasi nusu, kisha umeme ukakatika.

Jina hilo la Bi Chungulia alipewa na wateja. Nyumbani aliitwa mama, na wajukuu walimwita bibi. Studio aliitwa Shangazi, kwa sababu studio ilikuwa ya kaka yake, na kaka alipofariki ikashikwa na mtoto wake wa kiume, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye miwani mizito na muhuri wake mwenyewe. Kwa ajili ya ule muhuri, alioupiga hata kwenye karatasi ya kununulia sabuni, wote walimwita Mkurugenzi. Mke wake alikaa kaunta, chumba cha mbele, na mashine ya kuchapa picha na mkasi mrefu wa kukatia picha za pasipoti.

Chumba cha nyuma ndicho kilikuwa cha Shangazi. Kilikuwa na mapazia matatu: jeupe, la bluu, na la tatu lenye mawingu, ambalo lilikunjwa vibaya zamani hata wingu moja likawa na mstari katikati. Kulikuwa na kigoda cha kuzunguka, taa mbili zenye miavuli, na kioo ukutani chenye kitana kilichofungwa kamba, maana vitana vitatu vya mwanzo viliondoka na wateja. Chini sakafuni palichorwa alama mbili za chaki, moja ya kigoda na moja ya miguu yake. Akisimama pale, akainua kamera, akabandika jicho la kulia kwenye kitundu cha kuchungulia kilicho juu ya kamera, pua yake ikalala kwenye skrini ya nyuma na kuipaka mafuta, basi kazi imeanza. Hakuna aliyezungumza naye wakati huo. Hata simu yake ilikuwa imejifunza kunyamaza.

Jumatatu moja Mkurugenzi alikuja na fundi, wakatoboa ukuta, wakatundika televisheni kubwa kama mlango wa kabati. Wakavuta waya kutoka kwenye televisheni hadi alama ya chaki.

"Shangazi," alisema, akijipangusa vumbi la ukuta kwenye suruali, "kuanzia leo tunatumia kioo cha nyuma."

"Cha gari?"

Mke wake alicheka kule kaunta. Mkurugenzi hakucheka.

"Skrini ya kamera, Shangazi. Unashusha kamera hapa kifuani, unaangalia kwenye skrini. Unachoona wewe, mteja anakiona pale ukutani. Anajiweka sawa mwenyewe, anasema piga, unapiga."

"Kwa hiyo mpiga picha ni yeye."

"Sasa hivi ndivyo watu wanavyotaka. Wamezoea simu. Bibi harusi akijiona kabla, hakurudishii picha kusema shingo imetokeza. Na mtoto akiwa chini, unashusha kamera tu mpaka sakafuni, huna haja ya kulala."

Hapo alimgusa penyewe, na alijua. Mwezi uliopita Shangazi alilala kifudifudi ili ampige mtoto wa miezi saba aliyekuwa akitambaa. Picha ilitoka nzuri sana, yenye macho ya mtoto sawa na macho ya mtazamaji. Lakini kumwinua Shangazi kulihitaji baba wa mtoto, mke wa Mkurugenzi na kigoda.

"Nililala mwenyewe," alisema Shangazi. "Kuinuka ndiko nilikosaidiwa."

"Shangazi."

"Sikiliza, mwanangu. Ukiwa nje juani, skrini hiyo inageuka sahani ya bati, huoni kitu ila kidevu chako. Ukiinyoosha mikono mbele kama mtu anayepokea mtoto mchafu, mikono inatetemeka, na picha inatetemeka. Ukibandika kamera usoni, kichwa chako ndicho nguzo. Na kwenye kitundu unaona kingo zote nne, unajua kilichoingia na kilichobaki nje. Kwenye skrini unaona sura katikati tu, hizo pembe zinakuja kukushtua kwenye karatasi, unakuta kuna ndoo."

"Humu hakuna ndoo."

"Kwa sababu naiona naiondoa!"

Alipokwisha kusema hayo alikwenda kwenye sanduku la vifaa, akatoa tepu nyeusi ya mafundi umeme, akakata vipande vinne kwa meno, akavibandika juu ya skrini ya kamera mpaka isibaki hata upenyo wa uzi. Akaisugua kwa dole gumba. Kisha akaitundika kamera shingoni mwake kama mkufu wa harusi.

"Haya," alisema. "Sasa hata nikitaka siwezi."

Mkurugenzi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alikuwa na hasira ya mtu aliyelelewa na huyo anayemkasirikia, ile isiyojua itokee wapi. Alisema polepole:

"Ijumaa tuna chuo cha uuguzi. Wahitimu mia moja na arobaini na wawili, mmoja mmoja, wamevaa kofia. Nenda na kitundu chako. Ikitoka hata moja yenye ukungu, Shangazi, unahamia kaunta, unashika mkasi, na kamera naishika mimi."

"Na zikitoka zote safi?"

"Tutaongea."

Kwa mtu mwingine mkasi ni kazi tu. Kwa Shangazi kukaa kaunta kukata vichwa vya watu alivyopiga mwingine, na watu wakiingia na kutoka, wakiegemea, wakiuliza saa, wakiacha mizigo yao miguuni pake, kulikuwa sawa na kumwambia arudi kwao. Hakusema hivyo. Alisema, "Waambie wapige pasi kofia."

Ijumaa asubuhi jua lilikuwa tayari limeuwamba ua wa chuo. Shangazi alifika mapema, akachagua ukuta wa maktaba uliokuwa na kivuli, akaweka kiti, akapima hatua nne, akachora chaki. Wahitimu walikuwa wamepanga mstari unaozunguka hadi bombani, weupe tupu, viatu vinametameta, na kelele kama kuku waliofunguliwa. Mkurugenzi alikaa kwenye ngazi za ofisi na daftari la majina, na mkuu wa chuo, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, alisimama karibu naye akihesabu watu kwa macho.

Wa kwanza aliketi. Shangazi akafumba jicho la kushoto, akabandika la kulia kwenye kitundu.

Ukungu.

Alitoa jicho, akalipangusa kwa kitambaa. Akapangusa kitundu. Akapangusa lenzi pia, ingawa alijua ni safi, maana aliisafisha mwenyewe Alhamisi asubuhi. Akachungulia tena. Binti pale kwenye kiti alikuwa doa jeupe juu ya doa la kahawia. Na zile namba ndogo za ndani, zinazokaa chini ya picha na kukwambia mwanga na kasi, ambazo kwa miaka sita aliziona zimesimama kama wanafunzi kwenye gwaride, zilikuwa zimevimba na kushikana.

Lenzi ikikosea, namba hazibadiliki. Hilo alilijua vizuri. Namba zikipotea, aliyekosea ni jicho.

Mama yake mzazi alianza hivyohivyo. Alianza kwa kulalamika kwamba jikoni kuna moshi, na moto haujawashwa. Watoto walicheka. Baada ya mwaka alikuwa akiwatambua kwa nyayo, na Shangazi ndiye aliyemshika mkono kwenda naye kila mahali, hata pale ambapo mtu hapendi kusindikizwa.

"Bibi, umelala?" aliuliza yule binti kwenye kiti, na mstari mzima ukacheka.

"Nakutafutia upande ulio mzuri," alijibu Shangazi. "Bado natafuta."

Wakacheka zaidi, na kicheko kile kikampa pumzi. Jicho la kushoto halikujua kuchungulia, miaka yote lilijua kufumbwa tu. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye pembe ya tepu nyeusi. Ilikuwa ni kubandua tu. Skrini iko chini yake, kubwa, inayong'aa, angeona vizuri hata kama jicho la kulia limekufa, kwa sababu angetumia yote mawili. Akanyanyua kichwa. Mkurugenzi alikuwa amesimama kwenye ngazi, kalamu mdomoni, anamtazama.

Shangazi akakisugua kile kipembe cha tepu kikarudi mahali pake.

Sasa nikwambie alivyofanya, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Hatua nne kutoka kiti hadi chaki, hizo zilikuwa zile zile. Weupe wa kofia aliuweka kidole kimoja chini ya ukingo wa juu. Weusi wa nywele chini ya weupe. Doa la uso katikati, beji inayometa kushoto, na ukingo wa chini ukate pale weupe wa gauni unapopita kwapa. Akabonyeza nusu, akasubiri kamera ilie ti-ti, mlio wake wa kusema imeshashika. Asiposikia ti-ti hapigi. Akisikia, anasema "pumua", mtu anapopumua mabega yanashuka, na hapo ndipo anapobonyeza. Alipiga kwa sikio na kwa mazoea, kama mtu anayetembea chumbani kwake taa imezimika.

"Mama, tuone!" walisema wakiinuka, kila mmoja, wakimzunguka kutafuta skrini.

"Utaiona kwenye karatasi."

"Nimefumba macho?"

"Hukufumba. Hapa anayefumba ni mimi, na moja tu."

"Mbona umeiziba kamera plasta? Imejikata?"

"Ina mdomo mrefu, nimeifunga."

Kijana mmoja wa kiume, mrefu, kofia yake imekaa kama kifuniko cha chai, alimwambia, "Bibi, usinikonyeze hivyo, nina mchumba," na mkuu wa chuo akalazimika kupiga makofi mara tatu kuwanyamazisha.

Wote mia moja na arobaini na wawili. Alimaliza mchana, mgongo umeloa, na kila alipobandika jicho kitunduni ukungu ulikuwepo ukimngojea. Hakumwambia mtu. Njiani kurudi alifumba jicho la kushoto akajaribu kusoma mabango ya maduka kwa la kulia, akasoma, lakini mtu mwenye hofu haamini hata anachokisoma. Alijiambia ameyasoma kwa sababu anayajua.

Studio walizimwaga picha kwenye kompyuta ya kaunta. Mke wa Mkurugenzi alishika kipanya, mumewe akasimama nyuma yake, na Shangazi akasimama nyuma ya wote wawili, amekunja mikono, akingojea hukumu. Ya kwanza ikafunguka.

"Hee!" alisema mke wa Mkurugenzi. "Hata vinyweleo vya sikio vinahesabika."

Ya pili. Ya kumi. Ya tisini. Beji zinasomeka, macho yanang'aa, kofia zote zimekaa kidole kimoja chini ya ukingo. Mkurugenzi aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo. Alitafuta ukungu kwa uaminifu kabisa, nampa haki yake. Hakuupata.

"Nzuri," alisema mwishowe.

Shangazi hakufurahi. Alihisi kama mwizi aliyepongezwa kwa kufunga mlango. Zilikuwa safi, lakini yeye hakuziona.

"Basi tuongee," alisema.

"Tunaongea. Mkuu wa chuo amenipigia. Picha hajaziona bado, lakini anasema wahitimu wamelalamika. Walitaka kujiona, wakaambiwa wangoje karatasi. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu, Shangazi, ni televisheni. Usipotaka, mkasi ule pale."

"Ulisema zikitoka safi..."

"Nilisema tutaongea."

Siku nyingine angemwambia maneno ya kumtoa jasho. Siku hiyo alichukua mkoba wake akaondoka. Ungepigania vipi kitundu ambacho jicho lako limeshakikataa?

Nyumbani kwa binti yake, alikokuwa akiishi, Jumamosi ilikuwa kama Jumamosi zote. Wajukuu watatu, wawili wakilala naye chumba kimoja, mmoja akimpiga mateke usingizini. Akioga, mlango unagongwa: "Bibi, unamaliza saa ngapi?" Akikaa uani kuchambua mboga, jirani anakuja kukaa naye ili asiwe mpweke. Akinyamaza, binti yake anamuuliza, "Mama, una nini?" Akasema hana kitu. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama nguo kwenye kamba, akahesabu vibanio kumi na kimoja. Akafunika la kulia, akahesabu kumi na kimoja. Aliona ajabu, lakini hofu ilishamwambia jibu.

Jambo moja tu aliamua Jumamosi hiyo, akiwa na mboga mapajani. Kama jicho linakufa, life kwenye kitundu. Kwenye televisheni haendi.

Jumatatu hakwenda studio. Alikwenda kituo cha macho. Mpima macho alikuwa mwanamke mwenye koti jeupe lenye doa la wino mfukoni, mpole, mwenye haraka. Alimkalisha Shangazi, akamfunika jicho la kushoto, akamwambia asome herufi ukutani. Shangazi alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaendelea, mpaka mpima macho akamwambia inatosha.

"Mama, jicho hili nalitamani mimi," alisema. "Utahitaji miwani ya kusomea, hiyo ni ya umri. Ukungu uko wapi?"

"Kwenye kitundu cha kamera."

"Kwingine?"

Shangazi alifikiri. "Kwingine hakuna."

Mpima macho alitazama saa, kisha akacheka, akaacha kutazama saa. Akamwonyesha mashine yake ya kuchungulia macho ya watu, yenye matundu mawili ya mpima mwenyewe. Pembeni mwa kila tundu palikuwa na pete ndogo yenye alama ya kujumlisha na ya kutoa.

"Mwenzangu wa zamu ya jioni anavaa miwani," alisema. "Akitumia hii anaivua, anazungusha pete mpaka aone. Mimi nikija asubuhi naona ukungu. Mwezi wa kwanza hapa nilidhani napofuka, nikalia chooni, mpima macho mzima! Kamera yako haina kitu kama hiki?"

"Haina. Ninayo miaka sita."

"Alikutengenezea nani siku ya kwanza?"

"Kaka yangu. Alichungulia, akanipa nichungulie, akaniuliza naona? Nikasema naona. Basi."

"Ina pete, mama. Kaitafute."

Shangazi alitoka mle ndani kwa hatua za mtu wa miaka arobaini. Njiani aligeuza mambo. Kamera za filamu alizojifunzia hazikuwa na pete yoyote, unachungulia unaona, huoni basi ni bahati yako. Hii ya sasa kaka aliiweka sawa kwa macho yake Shangazi siku ile moja, na tangu hapo haikuguswa na mkono mwingine. Haikuguswa. Alirudia neno hilo kila hatua mbili, na kila aliporudia mwendo ukaongezeka.

Alifika studio saa sita. Alimpita mke wa Mkurugenzi kaunta bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Chumba cha nyuma Mkurugenzi alikuwa amesimama kwenye alama ya chaki, akihangaika na waya wa televisheni. Shangazi aliitungua kamera kwenye msumari, akainua ule mpira mweusi unaozunguka kitundu, akapapasa kwa ukucha. Kilikuwepo. Kigurudumu kidogo kama kichwa cha msumari, kimejificha chini ya mpira, chenye kujumlisha upande mmoja na kutoa upande wa pili. Kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho upande wa kutoa.

Akabandika jicho, akakirudisha taratibu kwa ukucha. Namba zikatengana. Zikasimama. Pazia la mawingu likapata mawingu yake, na lile moja likapata mstari wake katikati.

Alishusha kamera.

"Nani kaingia humu?"

Mkurugenzi aliacha waya. Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa mumewe, kisha haraka yakaenda kwenye dari.

"Usiangalie dari, mkwe," alisema Shangazi. "Dari haina miwani."

"Alhamisi," alisema Mkurugenzi. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto ghafla, na hilo lilimkera Shangazi, kwa sababu ni vigumu kumfokea mtu mwenye uso huo. "Jioni, ulipokwisha kwenda nyumbani. Niliichukua mara moja tu. Sikuona kitu, nikavua miwani, nikazungusha hicho mpaka nikaona. Halafu nikaitwa kaunta kwa mteja. Nikasahau kurudisha."

"Ukasahau! Nimewapiga watu mia moja na arobaini na wawili kama kipofu! Siku tatu nimejizika mimi mwenyewe, nimeshagawa nguo zangu kichwani! Na wewe umekaa kwenye ngazi unang'ata kalamu!"

"Ulipiga bila kuona?" alisema mke wa Mkurugenzi, mkono mdomoni. "Zote zile?"

"Zote."

Mkurugenzi aliangalia televisheni yake, kisha kamera. "Sikujua, Shangazi. Wallahi sikujua. Nisamehe kwa hilo." Akaushika tena waya. "Lakini hata hivyo televisheni inabaki. Wateja wanaitaka."

"Ibaki. Ni nzuri kwa wanaoitaka. Tafuta kamera ya pili, piga nayo wewe, mfundishe na mkeo apige, anaweza kuliko wewe. Atakayetaka kujiona akae upande wako. Mimi nitasimama kwenye pazia la mawingu na kitundu changu, na kamera hii haitoki shingoni mwangu, na kwenye ule mkasi siendi, leo wala kesho. Ukitaka nifukuze. Andika barua, uipige na ule muhuri."

"Kwa nini lakini?" Sasa hata yeye sauti ilipanda. "Nambie kwa nini! Unasema jua. Humu ndani kuna jua? Unasema mikono inatetemeka. Stendi ya miguu mitatu ile pale kona. Unasema kingo, mimi televisheni yangu inaonyesha kingo zote nne, kubwa kama mlango! Kila sababu unayotoa ina dawa, na bado unakataa. Ndiyo maana nilichungulia. Nilitaka nione kuna nini humo mpaka uikatae dunia nzima."

"Ukaona nini?"

"Chumba hikihiki," alisema. "Kigoda, pazia. Kadogo tu. Na pembeni kote giza, na..." Alitafuta neno. "Kimya. Hata huyu mke wangu alikuwa akiniita, sikumsikia mara ya kwanza."

"Nilikuita mara tatu," alisema mkewe.

Shangazi alimtazama mtoto wa kaka yake kwa macho yote mawili. Hakuna aliyekuwa amemuuliza jambo hili tangu azaliwe, na yeye mwenyewe hakuwahi kulisema, kwa sababu lilionekana aibu kwa mtu mwenye watu wengi wanaompenda. Alikuwa amesema jua, amesema mikono, amesema ndoo.

"Basi unataka nini, Shangazi? Sema tu."

"Nataka mahali pamoja," alisema, "pamoja tu hapa duniani, ambapo mimi nikishaingia, hakuna mwingine anayeenea."